Korongo la Engare Sero: nendeni, ila nendeni kwa adabu

Wengi wanaotoka Arusha kwenda Ziwa Natron wanakuwa na mambo mawili kichwani: flamingo, na kupanda Ol Doinyo Lengai usiku wa manane. Maporomoko ya Engare Sero, yaliyo ndani ya korongo, wanayaacha mwisho, muda ukibaki. Mimi nawashauri muyatangulize, tena asubuhi na mapema, kwa sababu ikifika saa tano jua la bonde lile halina huruma.

Korongoni huingii peke yako. Unalipa ada, unapewa kijana wa Kimasai mzaliwa wa pale kijijini, ndipo mnaondoka. Nimesikia watu wakilalamika kwamba hiyo ni pesa ya bure, maana njia ni kuufuata mto tu, hakuna pa kupotea. Sikubaliani nao hata kidogo. Mto unavukwa tena na tena. Mahali pengine maji ni ya kifundo cha mguu, mbele kidogo yanafika kiunoni na yanakwenda kasi. Kuna sehemu mnatambaa na ubavu wa jabali, chini yenu maji yananguruma. Kijana wetu alikuwa akitangulia, anapima kina kwa fimbo, anajisimika katikati ya mkondo, halafu ananiita: "Mama, nishike kifundo cha mkono, siyo vidole." Vidole vikilowa vinateleza. Hakuna bango litakalokufundisha hilo.

Yeye alivaa katambuga na hakuteleza hata mara moja. Wewe vaa raba zenye kamba, uzikubali zilowe. Kandambili ziacheni kwenye gari, mto utazichukua. Simu ifungeni kwenye mfuko wa plastiki. Na mvua ikiwa imenyesha huko juu, msimshurutishe mwongozaji akisema leo hatuingii. Maji ya korongo hushuka ghafla.

Nje ni vumbi na mawe ya volkano, ndani ni nchi nyingine. Chemchemi zinatoka kwenye kuta za mwamba, mikindu imening'inia juu ya vichwa vyenu, na kadiri kuta zinavyosogeleana ndivyo hewa inavyopoa. Maporomoko yenyewe si marefu, anayefuata urefu aende kwingine. Maji yanachomoka kwenye mpasuko mwembamba na kujaza bwawa ambalo unaweza kuingia ukasimama chini yake, mabega yakapigwa hadi uchovu wa barabara ya Engaruka ukutoke wote.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Korongo hili liko jirani kabisa na Lengai, mlima wa mita 2,962 ambao kwa Wamasai ni mlima wa Engai, Mungu mwenyewe. Ni volkano hai, na lava yake ni ya aina ya pekee duniani leo: nyeusi, nyepesi kutiririka, ikipata unyevu inageuka nyeupe. Watu bado wanakwenda kuomba huko, kina mama wanaomba watoto, wazee wanaomba mvua. Kabla ya kuingia majini kijana wetu aling'oa majani mabichi kidogo, akayaweka ukingoni, akanyamaza. Hakutuelezea wala hakutaka tupige picha. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Nyuma yetu likaja kundi la vijana wa mjini na spika, muziki juu. Ndani ya korongo sauti haina pa kutokea, inazunguka. Mwongozaji wetu aliwafuata, akawasalimu mmoja mmoja, akawaomba kwa upole wazime. Walizima. Lakini kwa nini aombe? Hakuna anayeingia msikitini au kanisani na spika. Atakayewapokea wageni pale getini awaambie mapema, na madereva wetu wa Arusha nao wawaambie abiria wao.

Ukibakiwa na nguvu jioni, nenda ukaone nyayo za watu wa kale karibu na ziwa. Ziko zaidi ya 400, zimeganda kwenye majivu ya volkano kwa zaidi ya miaka 5,000. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2020 walichambua nyayo za watu 17 waliotembea pamoja, wakaona kuwa 14 kati yao huenda walikuwa wanawake. Nilikaa pale nikiwafikiria hao kina mama, nikashindwa kuondoka.

Kijijini, kama wewe ni mwanamke, kijana akikusalimu "takwenya", jibu "iko". Beba pesa taslimu na chenji ndogo ndogo, kina yeyo, yaani kina mama wa Kimasai, wanauza shanga nzuri na si vema kumkalisha mtu juani ukitafuta chenji. Bei yangu ya bangili haikuwa na ujanja wowote.

Kasoro ninayoiona ni moja, nayo ni ya kurekebishika. Mkirudi mnakoegesha magari, mmelowa chapachapa, hakuna hata kibanda cha kubadilishia nguo. Wanaume wanabadilisha nyuma ya gari. Mimi na dada yangu ilibidi tushikiliane kanga kwa zamu, na upepo wa pale unajulikana. Kwa ada tunayolipa, makuti manne na pazia vinatosha kabisa. Naomba wahusika wajenge kabla ya msimu wa likizo wa Desemba.