SystemRescue: flashi ninayoanza nayo kabla ya kushika bisibisi

Meza yangu ya ufundi iko Ngamiani, Tanga, na mashine nyingi zinazoletwa kwangu ni kongwe. Kuna Windows XP zinazoendesha mashine za kukatia stika, Windows 7 za maduka ya dawa, na mara mojamoja Unix ya SCO, mfumo wa zamani wa kompyuta za biashara, ambao mafundi wengi wa umri wangu hawajawahi hata kuuona. Wenye mashine hizi si wabahili. Programu yao ilinunuliwa zamani, aliyeiuza hapatikani, CD imepotea, na kazi inakwenda. Kwa hiyo nikisikia fundi anasema "hii tuipige Windows upya", roho inaniuma. Humo ndani mna duka zima la mtu.

Kwa muda wa miaka sita sasa natumia SystemRescue, na nimeona niieleze vizuri kwa sababu nikiwauliza wenzangu, wengi hawaijui. Ni mfumo kamili wa Linux unaowaka kutoka kwenye flashi, ukaiacha diski ya mteja kama ilivyo mpaka wewe mwenyewe uamue kuigusa. Zamani uliitwa SystemRescueCd. Ni wa bure, unapakuliwa kwa kama gigabaiti moja, na ukiwa kwenye Windows unauandika kwenye flashi kwa Rufus. Ndani yake mna TestDisk ya kurudisha patisheni (mafungu ya diski) zilizopotea, smartctl ya kupima afya ya diski, Memtest86+ ya kupima RAM, na ddrescue ya kunakili diski inayokufa, ambayo kwangu ndiyo roho ya kitu chote.

Mwaka jana kijana wa mabango aliniletea kompyuta yake ya XP. Ikiwashwa inafika kwenye nembo ya Windows, inatoa skrini ya bluu yenye 0x0000007B, yaani Windows haiifikii diski yake, inajizima na kuanza tena. Alikotoka ameambiwa diski imekufa. Niliwasha flashi. Smartctl ikaonyesha diski ni nzima, haina hata sekta moja mbovu. Nikaifungua kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika, na michoro yake yote ikaonekana. Basi kama diski ni nzima, kwa nini Windows inadai haiioni?

Jibu nililipata katika mambo mawili. Saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, maana yake betri ya mazabodi imekwisha. Na amri ya lspci -k, inayoorodhesha vifaa na dreva (programu) zinazoviendesha, ikaonyesha kwamba diski inaendeshwa kwa dreva ya ahci. Betri ilipokwisha, BIOS, programu ya bodi inayoamsha mashine, ilisahau mipangilio yake ikarudi ya kiwandani, na ya kiwandani kwenye bodi ile ni AHCI, njia mpya ya kuwasiliana na diski. XP ile iliwekwa diski ikiwa kwenye IDE, njia ya zamani, na peke yake haina dreva ya AHCI, kwa hiyo ikifika pale inakuwa kipofu. Nikaweka CR2032 mpya, nikairudisha BIOS kwenye IDE, na mashine ikawaka na kila kitu chake. Betri ile haifiki hata bei ya soda mbili. Angepigiwa Windows mpya, angepoteza programu ya kukatia ambayo hana tena mahali pa kuipata.

Sasa kasoro zake, na zipo. Kila kitu ni kwa Kiingereza, na kinaanza na skrini nyeusi inayongoja amri. Ukiandika startx unapata madirisha, lakini kazi kubwa bado ni ya kuandika. Unaingia moja kwa moja kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hakuna wa kukuuliza mara mbili. Ukikosea herufi ya diski, kwa majina ambayo Linux inazipa diski, sdb ukaandika sda, umeumiza mtu. Mimi huwa naandika jina la diski kwenye karatasi na ukubwa wake, nalinganisha, ndipo nabonyeza Enter. Pia matoleo mapya hayawaki kabisa kwenye kompyuta za biti 32, na faili lake halitoshi tena kwenye CD ya megabaiti 700. Kwa Pentium III yenye CD tu, flashi hii haina msaada. Inabidi uitoe diski.

Na hivyo ndivyo nilivyofanya kwa mzee mmoja anayeuza mabati na saruji kwa jumla. Stoo yake yote na madeni ya wateja vipo kwenye SCO OpenServer 5. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo mara tatu, na mashine ikawa inakwama kabla ya kufika pa kuingia, diski ikigonga kama mtu anayebisha mlango. Nilipoingia nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia kisha akaniambia, "Binti, madeni ya watu wote yamo humo." Mwanawe alikuwa tayari ameanza kuizima na kuiwasha. Nilimwomba aache. Diski inayogonga, kila ukiiwasha inapungua. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu 2018 niliwahi kuendesha chkdsk, amri ya Windows ya kurekebisha diski, kwenye diski ya mteja iliyokuwa inakufa, nikidhani natibu, na picha zake hazikurudi.

Niliitoa ile diski ya IDE ya GB 40, nikaweka jampa (kile kiplastiki cha nyuma ya diski) kwenye Master, nikaiunganisha na kompyuta mpakato yangu kwa adapta ya USB yenye umeme wake wa nje, nikawasha SystemRescue. Linux haiwezi kufungua HTFS, mpangilio wa SCO wa kuhifadhi mafaili, lakini ddrescue haijali ndani mna nini. Inanakili sekta kwa sekta:

ddrescue -d -n /dev/sdb duka.img duka.map

Kwanza inachukua sehemu nzima na kuruka penye ubovu, badala ya kung'ang'ania palipooza mpaka diski ife. Lile faili la map ndilo linalokumbuka kilichosomwa. Adapta yangu ya bei rahisi iliganda mara nne usiku ule. Kila mara nilichomoa, nikaiacha diski ipoe, nikarudia amri ileile, na kazi ikaendelea pale ilipoishia. Alfajiri nikaweka -r3 mahali pa -n ili irudie sehemu mbovu mara tatu. Zikabaki kilobaiti 36 ambazo hazikusomeka.

Nilitafuta diski nyingine ya modeli ileile kwa wauza kompyuta chakavu, kwa sababu SCO inashika vipimo vya diski yake na sikutaka ugomvi huo. Kuirudisha picha ya diski, yaani lile faili la duka.img, juu ya diski nyingine, ddrescue inakataa mpaka umeiongezea -f, na nashukuru inakataa. Mashine ikawaka, ikasimama ikiomba nenosiri la root kwa matengenezo au Control-d kuendelea. Nenosiri lilikuwa limeandikwa nyuma ya kalenda ya 2003, kwa mwandiko wa karani aliyestaafu. Nikaendesha fsck, amri ya Unix ya kukagua na kurekebisha mafaili. Ikaweka vipande viwili kwenye lost+found, folda ya mafaili yaliyopoteza majina. Tulipovitazama vilikuwa ripoti za zamani za kuchapishwa.

Diski ya awali niliitia kwenye bahasha, nikaandika tarehe, mzee akaifungia kabatini. Nakala ya picha iko kwenye diski ya nje, nyumbani kwake. Saa kumi na moja jioni alikuja mteja wa mabati, karani akaingiza mauzo, na ile printa ya Epson ya utepe ikaanza kulia. Namba ya ankara ilifuata palepale ilipoishia siku umeme ulipokatika.