gnuplot kwa data za maabara: nyota 4, ya 5 naibania

Wadau wa Dodoma, hasa nyie wa UDOM mnaokesha na ripoti za fizikia huko Ng'ong'ona, kama bado unachora mstari kwa Excel alafu unabandika R² (namba ya kuonyesha mstari umezikaribia nukta kiasi gani) kama ndo ushahidi wa kila kitu, jaribu gnuplot, programu ya kuchora grafu kwa kuandika amri. Ya bure, nyepesi, laptopu ya mtumba inaibeba, na ukishaipata kwenye flashi bando halikuhusu tena.

Naipendea kitu kimoja, inaheshimu ± ya kila nukta, yani kiasi ambacho kipimo chako kinaweza kukosea. Chukua pendula, T ni muda wa bembea moja, g ni mchapuko wa mvutano wa dunia: T² juu, urefu chini, mteremko ni 4π²/g. Umepima bembea 20 kwa stopwochi, kidole kimechelewa au kuwahi kama sekunde 0.2, basi T ina ±0.01, ila ukiipiga skwea inakua 2T mara 0.01, yani kamba ya sentimita 20 inapata ±0.018 na ya mita 1 inapata ±0.04, wapi na wapi! Kwenye hesabu ya mstari, kamba fupi inastahili uzito kama mara 5 ya ile ndefu. LINEST, fomula ya Excel ya kutafuta mstari, haina pa kuziweka hizo ±, kwake nukta zote ni sawa. Huku kwenye gnuplot unaandika safu wima 3 kwenye faili (urefu, T², ± ya T²), kisha:

fit m*x+c 'pendula.txt' using 1:2:3 yerrors via m,c

Unapewa m (mteremko) na c (pale mstari unapokata mhimili wa T²), kila moja na ± yake. Hiyo c msiidharau, ikitoka 0.04 ± 0.01 badala ya sifuri ujue umepima kamba tu ukasahau nusu ya goroli, kama sentimita 1 hivi, na raha yake mteremko hauguswi, g yako iko salama.

Kwenye majibu kuna na reduced chisquare, namba inayolinganisha nukta zilivyoachana na mstari na ± ulizoweka. Ukikaribia 1, poa. Ukiwa 8, umejipunja ± au data haiko kwenye mstari mnyoofu (na huu upepo wetu, fungeni dirisha jamani). Ukiwa 0.05 umeweka ± kubwa kwa uoga.

Nyota niliyoibania: bila kuambiwa, inazidisha ± za m na c kwa kipeuo cha pili cha hiyo reduced chisquare, kwahiyo hata ukikuza ± zako zote mara 10 majibu yanatoka yaleyale na wala haikushtui. Andika kwanza set fit noerrorscaling. Na kama urefu nao una ± ya maana, weka xyerrors badala ya yerrors, using 1:2:3:4, ± ya urefu ndo inatangulia.