Uzoefu wangu: multimita ya DT-830D kwenye sola ya volti 12, Dodoma

Naitumia multimita hii ndogo ya njano kupima sola za majumbani, na kwa bei yake inafaa sana. Ila inamtaka mtu anayejua kutofautisha volteji na mkondo.

Volteji inaipima vizuri. Hupimwa kati ya pointi mbili, kwa hiyo hukati waya wowote: waya mweusi wa mita kwenye tundu la COM, mwekundu kwenye tundu la VΩmA, swichi kwenye DC 20 (umeme wa betri na sola, usiofika volti 20), kisha gusa vichwa vya betri. Betri ya asidi iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.0, imebaki kama robo. Paneli ya wati 100 ya mfumo huo huo, isipoungwa popote, hutoa kama volti 22 kwenye jua la Dodoma, na ukiipima kwenye 20 kioo kinaandika 1 peke yake upande wa kushoto. Wengi hudhani mita imekufa. Zungusha swichi hadi 200, namba itarudi.

Mkondo ni chaji inayopita kila sekunde: ampea 1 ni kulombu 1 (kipimo cha chaji) kwa sekunde. Volteji kubwa peke yake haimaanishi umeme mwingi. Ukivua sweta ya nailoni usiku mkavu wa Julai, zile cheche ni za volti elfu kadhaa, lakini chaji yake ni kidogo mno. Betri ya Ah 100 (ampea-saa, yaani sawa na ampea 100 kwa saa moja) ina volti 12 tu, na inabeba kulombu 360,000. Hiyo ndiyo inayoyeyusha waya.

Kwa sababu mkondo lazima upite ndani ya mita, unaikata njia na kuiweka mita katikati, waya mwekundu ukihamia tundu la 10A. Pima kwa sekunde chache tu, kisha urudishe waya VΩmA hapo hapo. Ukisahau, halafu ukagusa vichwa vya betri ukidhani unapima volti, umepiga shoti: nyuma ya tundu la 10A kuna kipande cha waya mnene, na kwenye mita nyingi za aina hii hakina fyuzi. Mkondo wa AC (unaogeuka mwelekeo, kama umeme wa gridi) haipimi kabisa. Mwenye pampu ya volti 230 atafute mita ya kubana waya.

Faida ninayoithamini zaidi ni kugundua volti zinazopotea njiani. Pampu ya ampea 6 iliyofungwa mita 10 kutoka kwenye betri kwa waya wa mm² 1.5: kwenda na kurudi ni mita 20, ukinzani kama omu 0.23, hivyo volti 1.4 zinaishia kwenye waya. Pima kwenye betri, kisha kwenye pampu ikiwa inazunguka. Ukiona 12.4 huku na 11.0 kule, betri haina kosa. Nunua waya wa mm² 4.

Kasoro iliyobaki ni betri yake ya volti 9. Ikichoka, mita haizimi. Inaanza kusoma juu kuliko kweli. Betri ya asidi iliyopumzika usiku kucha ikikuonyesha 13.4, badilisha kwanza betri ya mita.