Mkanda wa mgongo, kitoroli na vibarua: nini kinastahili hela mzazi anapoitwa kuhamisha

Kijana akipiga simu kusema anahama, husema ni "vitu vichache tu". Kwa Dar es Salaam, vitu vichache vya chumba na sebule ni kitanda cha mninga cha futi 5 kwa 6, godoro lake, friji, jiko la gesi na mtungi, kabati la nguo, kochi la watu watatu, na ndoo saba zilizojaa vyombo. Nyumba mpya ikiwa ghorofa ya tatu isiyo na lifti, baba au mama aliyepita miaka 50 kesho yake ataamka ameshika kiuno. Ng'ombe haelemewi na nunduye, sawa, lakini friji si nundu.

Madukani na mitandaoni kuna vifaa vinavyouzwa kwa ahadi ya kumwokoa mzazi huyu. Bei hatuziandiki hapa, maana Kariakoo bei ni mdomo wako. Tunachopima ni kama kifaa kinafanya kazi.

Tuanze na mkanda wa mgongo, ule mpana mweusi wenye velkro na vijiti vya plastiki au chuma nyuma, kwa kuwa ndio unaonunuliwa zaidi. Kwa kazi hii ni hela iliyopotea. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, ilisema tangu 1994 kwamba haishauri mikanda hii kwa mtu mzima wa afya kama kinga ya kuumia. Utafiti wake mkubwa kwa wafanyakazi wa maduka, uliochapishwa mwaka 2000, haukuona tofauti ya maumivu kati ya waliovaa na wasiovaa. Sababu si ngumu. Mkanda unabana tumbo na kumkumbusha mvaaji asipinde, lakini uzito wa friji unabaki ule ule na misuli inayoubeba ni ile ile. Baya zaidi ni ujasiri unaokuja nao: aliyefunga mkanda hushika kitu ambacho bila mkanda angemwachia kijana. Kama daktari amekuandikia kwa tatizo ulilonalo, hiyo ni habari nyingine.

Taasisi hiyo hiyo huanzia hesabu zake za kubeba kwenye kilo 23, tena katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, una mahali pa kushika, hauanzii sakafuni, na mbebaji hajipindi. Sharti moja likikosekana, namba inashuka. Sasa chukua mtungi wa gesi wa kilo 15. Hizo 15 ni gesi tu. Chuma chenyewe kina uzito unaokaribia huo, na utauona umegongwa kwenye kola juu ya mtungi. Ukijaa unafika kilo 30 hivi, na unaanzia sakafuni. Mashine ya kufulia yenye mlango mbele ni kilo 60 hadi 70, kwa kuwa ndani ina tofali la zege la kuizuia isirukeruke. Hiyo mashine irudishiwe zile bolti ndefu za nyuma kabla ya kuguswa, vinginevyo pipa linaning'inia kwenye springi njia nzima na mkifika inapiga kelele kama mashine ya kusaga.

Kifaa kinachostahili hela ni kitoroli cha kusimama: magurudumu mawili, mgongo wa bomba, ulimi wa chuma chini. Chagua chenye tairi za upepo kama mtapita kwenye kokoto na vichochoro. Tairi ngumu za plastiki ni za sakafu ya vigae. Ulimi uwe mpana wa kutosha friji lisiyumbe, na uwe na mkanda wa kufungia. Namna ya kukitumia huharibiwa na watu wengi. Ulimi unasukumwa chini ya mzigo ukiwa umesimama, mzigo unafungwa katikati ya kimo chake, kisha unavutwa nyuma taratibu mpaka uzito utue kwenye ekseli. Mkono ukihisi mzito, hujauinamisha vya kutosha, ukikuelemea, umepitiliza. Kwenye ngazi mwenye nguvu anakaa juu, anavuta kinyumenyume kidato kimoja kimoja, na wa chini anaelekeza tu kutoka pembeni. Asikae moja kwa moja kwenye njia ya mzigo, hata kwa sekunde mbili.

Kuna aina yenye magurudumu matatu matatu yanayozunguka kama pembetatu, inayouzwa kama ya kupandia ngazi. Ni nzuri pale vidato vinapolingana. Vingi vya kwetu havilingani, kidato cha mwisho huwa kirefu kuliko vyote, na hapo ndipo inapokwama na friji juu yake.

Kamba za mabegani za watu wawili ni za wastani. Zinahamisha uzito kutoka vidoleni kwenda mabegani na mapajani, na kwa mwendo wa tambarare zinasaidia. Lakini zinataka wawili wa kimo kimoja, na ncha zake huburuta na kunasa miguuni. Kwenye ngazi mzigo humwangukia wa chini, kwa hiyo mzazi akilazimika kushika upande, ashike wa juu. Kitenge kikuukuu kilichopitishwa chini ya friji kinafanya karibu kazi ile ile.

Sasa usafiri na watu. Kirikuu, kile kipikapu kidogo, imetengenezwa kubeba kilo 350 tu. Inapakiwa zaidi kila siku, ndiyo maana utaiona imekaa kwenye matairi ya nyuma kama mbuzi anayekataa kwenda. Faida yake kwa mzee ni bodi iliyo chini. Bodi ya Canter, lori dogo, iko juu zaidi, na kila kitu lazima kiinuliwe kuifikia. Hata hivyo Canter inamaliza kwa safari moja, na safari mbili maana yake ni kupakia mara mbili na kushusha mara mbili. Kwa chumba na sebule tunachagua Canter pamoja na vibarua wawili. Bei ya dereva kwa kawaida ni ya gari peke yake. Kupakia, kushusha na kupandisha ghorofani ni mapatano mengine, na yafanyike kabla kamba haijafungwa: ghorofa ya ngapi, nani anafungua kitanda, kioo cha kabati kikipasuka ni cha nani. Usiposema "ghorofa ya tatu" mapema, utaisikia bei mpya ukiwa umeshafika na mvua inaanza.

Hela ya vibarua wawili ndiyo tiba bora kuliko yote yaliyomo humu. Usiifute kijana akisema "tutasaidiana, mzee".

Kuhusu saa ya kuanza: kwa kukwepa foleni watu huanza saa 12 asubuhi. Kwa mgongo wa miaka 55 hiyo ni saa mbaya kama umetoka kitandani sasa hivi. Usiku visahani vilivyo kati ya pingili hunyonya maji na kuvimba, ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi, na saa ya kwanza baada ya kuamka kuinama kunavikamua zaidi. Amka saa 11 alfajiri, tembea, kunywa chai, kisha ndipo uguse kitu.

Maumivu ya mapajani hayaji siku ile. Huanza baada ya saa 12 hadi 24 kupita na kufika kilele siku ya pili au ya tatu. Yanaletwa zaidi na kushuka ngazi kuliko kupanda, kwa sababu wakati wa kushuka paja linafanya kazi ya breki huku linarefuka, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Hapo ndipo duka la dawa linapofaidi. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 inafaa kwa sehemu moja iliyoteguka. Ipakwe kwenye ngozi isiyo na jeraha, mikono ioshwe, na isichanganywe na vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni bila kumuuliza mfamasia, hasa kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo mbovu. Dawa za kuchua zenye joto na harufu kali husahaulisha maumivu kwa muda, haziponyi chochote. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asijipake zenye methili salisilati. Kulala kitandani siku nzima kunakaza mgongo. Tembea kidogo kidogo ndani ya nyumba.

Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma kutoka, mguu kulegea, kifua kubana, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi: hayo si uchovu. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Kifaa cha mwisho ni kiti cha plastiki, na kinapanda gari wa mwisho ili kishuke wa kwanza. Kinawekwa mlangoni pa nyumba mpya, mzazi anakalia, mfukoni ana spana zinazoingia kwenye bolti za kitanda, na mfuko wa bolti zilizofungwa pamoja na hesabu ya chaga. Kila kinachopita anasema kinaenda chumba gani, ili kisiinuliwe mara ya pili. Na friji likiwa lililazwa njiani, yeye ndiye anayelinda plagi: lisimame wima saa kadhaa, ikiwezekana mpaka kesho, oili irudi kwenye kompresa, hata kama kijana ameshanunua soda.