Usaili wa Mazungumzo Huru na Usaili wa Maswali Yaliyopangwa

Waajiri wengi bado hupenda usaili wa mazungumzo huru, ambapo msaili huuliza linalomjia kichwani na kumpima mwombaji kwa namna alivyomvutia. Usaili wa maswali yaliyopangwa huenda kinyume: waombaji wote huulizwa maswali yale yale, kwa mfuatano ule ule, na kila jibu hupewa alama kabla wasaili hawajashauriana. Katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, mwanasaikolojia wa kazi Paul Sackett na wenzake walikadiria uhusiano kati ya matokeo ya usaili na utendaji kazini (0 ikiwa hakuna uhusiano, 1 ikiwa ni uhusiano kamili) kuwa 0.42 kwa ule uliopangwa, na 0.19 tu kwa ule huru. Tofauti hiyo hainishangazi, kwani mwombaji aliyebahatika kuulizwa kuhusu timu ya mpira anayoishabikia msaili hutoka na sifa ambazo mwenzake, aliyebanwa kwa maswali ya bajeti, hakupewa hata nafasi ya kuzitafuta. Ni kweli kwamba usaili uliopangwa hufanana na mtihani (na wanaolalamika mara nyingi ni wasaili wenyewe), lakini aliyekataliwa anaweza kuonyeshwa mahali alipopoteza alama, badala ya kuambiwa kwamba hakuendana na utamaduni wa ofisi.