Kufungua filamu ya mapigano: kamera mkononi au kwenye stendi?

Waandaaji wa filamu Mbeya hubishana kila mara: kukimbizana kwa mwanzo kupigwe kamera ikiwa mkononi au kwenye stendi ya miguu mitatu?

Kwa gharama, mkono unashinda, na kwenye vichochoro vya soko la Mwanjelwa stendi haina pa kusimama. Tumia lenzi pana, inayoona eneo kubwa, milimita 24 hivi, maana lenzi ndefu, ile ya kuvuta vya mbali, hukuza kila mtikisiko hadi ngumi isionekane. Ukipiga fremu (picha) 24 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde; ukiipandisha hadi 1/200 mwendo hukatika-katika, jambo linalofaa pigo moja kuliko mbio nzima.

Stendi inashinda kwa utulivu: barabara tupu alfajiri kule Uyole, pikipiki ikisikika kabla haijaonekana. Hofu ya tukio kama hilo huletwa na sauti, na hapa mkono unashindwa vibaya, kwani maikrofoni iliyo juu ya kamera hunasa pumzi na nyayo za mpigapicha. Upepo wa nyanda za juu hausamehi yeyote. Vika maikrofoni kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo, kisha rekodi sekunde 30 za mahali penyewe pakiwa kimya, uzibe mapengo ya sauti wakati wa kuhariri.

Kama waigizaji wako hawajazoea kupigana, shika mkononi: mtikisiko utaficha ngumi zisizofika. Kama wanajua kazi, weka stendi, mtazamaji awaone mwili mzima.