Eafoni za Etymotic ER4XR kwa mtu anayeishi kwa kusikiliza, Mwanga, Kigoma

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti wanakuja Kigoma kuhoji watu juu ya uvuvi, ardhi, uzazi, maisha ya kambi za wakimbizi, wanarekodi, halafu faili zinaletwa kwangu niziandike neno kwa neno. Zilizo kwa Kiha, lugha ya Waha wa huku kwetu, nazitafsiri kwa Kiswahili. Naishi Mwanga, jirani kabisa na mashine ya kusaga. Asubuhi inawashwa mashine; ikizimwa, wanashika zamu watoto wa shule, bodaboda na redio ya fundi viatu. Masika yakiingia kuna mvua juu ya bati, na hapo hata aliye chumba kimoja nawe unamsikia kwa shida. Kwa hiyo nikizungumzia eafoni zinazoziba kelele sizungumzii starehe. Kwangu ni chombo cha kazi kama cherehani kwa fundi nguo.

Ninazotumia ni Etymotic ER4XR, zenye waya. Nilizinunua kwa mtafiti mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, kwa chini ya nusu ya bei ya dukani. Zilipotoka mwaka 2016 zilikuwa zinauzwa dola 349 kule Marekani. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni zaidi ya laki nane na sabini, kabla hujalipia usafiri wala ushuru. Hapa kwetu hela hiyo ni kodi ya nyumba ya muda mrefu. Basi anayeuliza kama vitu viwili vidogo hivyo vinastahili hela yote hiyo anauliza swali la haki, nami nimelitafakari sana kwa sababu wenzangu wa kazi hii wananiuliza kila mara.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Kuna eafoni zinazofuta kelele kwa umeme: zina maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, kisha zinatoa wimbi lililo kinyume chake ili yauane. Hizo zina betri, na zinafanya vizuri sana kwa mngurumo mzito usiobadilika, kama injini ya ndege, basi au jenereta. Zikikutana na sauti ya ghafla au kali, mtoto akipiga kelele, sufuria ikianguka, honi, nguvu yake inapungua. Aina ya pili ni hizi zangu, ambazo hazifuti chochote. Zinaziba tu. Raba inaingia ndani ya tundu la sikio na kulifunga, basi. Hakuna betri, hakuna cha kuchaji, umeme wa luku ukikatika kazi inaendelea mpaka kompyuta izime.

Etymotic ni kampuni ya Illinois, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1983 na Mead Killion, mtaalamu wa usikivu, na ER4 ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Spika iliyomo ndani ni ya jamii ileile inayotumika kwenye vifaa vya kuwasaidia wasiosikia vizuri. Naona hilo linaeleza tabia ya eafoni hizi kuliko tangazo lolote: zimetoka mikononi mwa watu wanaolijua sikio. Kampuni inasema zinapunguza kelele ya nje kwa desibeli 35 hadi 42. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na hazihesabiwi kama kilo. Kila zikishuka 10, sikio linaona sauti imepungua karibu nusu. Ukishusha 35 umefuta sehemu kubwa mno ya dunia. Nikizivaa, watoto wanapotea kabisa, redio ya fundi inapotea, na mashine ya kusaga inabaki mngurumo wa mbali, ambao sehemu yake unapita kwenye mifupa ya kichwa, na huo hakuna raba ya kuuziba.

Lakini hayo yote yanategemea umezivaaje, na hapa ndipo watu wengi huziacha mapema. Raba zake zina ngazi tatu na zinataka kuingia ndani kuliko eafoni yoyote uliyoizoea. Unalowesha raba kidogo, unapitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, unalivuta sikio juu na nyuma, halafu unasukuma taratibu huku umefungua kinywa. Zikikaa sawasawa utajua, maana chumba kinanyamaza ghafla. Zisipokaa, besi inatoweka na sauti za watu zinakuwa nyembamba, na mtu anasema eafoni ni mbovu. Binti wa jirani yangu alijaribu akazitoa papo hapo: "Dada, hizi zinaingia mpaka kwenye ubongo!" Simlaumu. Siku za mwanzo masikio yanawasha, na wapo ambao hawazoei kabisa. Kwao kuna raba za sponji ambazo ni laini zaidi. Kuzitoa nako kuna adabu yake. Usivute kwa nguvu. Zungusha kidogo hewa iingie, la sivyo mvuto wake unaufikia utando wa sikio.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo bei yenyewe. Ukisikiliza kwa eafoni za kawaida zisizoziba, mashine inasaga pembeni, unapandisha sauti hadi imeze ya mashine. Hakuna namna nyingine, mzungumzaji hasikiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Saa 40 ni wiki nzima ya kazi, na mimi wiki yangu yote iko masikioni. Kila sauti ikipanda desibeli 3, muda salama unakatika nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Mtu wa kazi hii akipandisha sauti kila siku anakula mtaji wake mwenyewe, kwa sababu chembe za kusikia zikishakufa hazioti tena. Masikio hayana spea. Kwa ER4XR namsikia mzungumzaji nikiwa nimeshusha sauti chini kabisa, kiasi ambacho kwa eafoni nyingine ungesema faili imesimama. Jioni kichwa hakivumi. Hata kama zisingekuwa na sifa nyingine, kwa hiyo peke yake ningezitetea.

Na sifa nyingine zipo. Chukua mahojiano yaliyofanyika mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki. Upepo wa ziwa unapiga maikrofoni, injini za boti zinawashwa, akina mama wanageuza dagaa huku wanaongea. Mvuvi anasema "tunauza" au "tuliuza"? Silabi moja katikati, imemezwa na injini, na kwenye ripoti ya mtafiti hiyo ndiyo tofauti kati ya biashara inayoendelea na iliyokufa. Zamani kelele za Mwanga zilikuwa zinajumlishwa na kelele za Kibirizi, nikawa na mizigo miwili. Sasa kelele ni moja tu, ile ya kwenye faili, na sikio likishaizoea linaanza kupita katikati yake. Nasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kujibu. Nasikia mke akimnong'oneza mumewe mwaka waliohamia, kisha mume anautaja kwa sauti kama wake. Watafiti wanashukuru sana nikiwaandikia hivyo, kwa sababu wanajua jibu limetoka kwa nani.

Niweke wazi kitu kimoja ambacho wateja hukosea: eafoni hizi haziondoi kelele iliyorekodiwa. Faili mbaya inabaki mbaya, tena utausikia ubaya wake wote. Kuna ndugu yake, ER4SR, ambayo besi yake iko chini kidogo na huenda ingefaa zaidi kwa kuandika tu. Mimi napenda XR kwa sauti nzito za wazee. Muziki ni safi, kila chombo kinakaa mahali pake, ila anayetaka besi ipige kifua hatafurahi.

Mabaya yake sasa, na si madogo. Ukizivaa umetoka nyumbani ukiwa umekaa nyumbani. Kwetu mtu hapiti dirishani kimya. Bibi wa nyumba ya pili akipita asubuhi anasema "Mwakeye," salamu ya asubuhi kwa Kiha, na mimi niko hapo hapo dirishani nimetazama kioo cha kompyuta, siitikii. Hilo linaumiza kuliko bei. Kabla ya kumweleza mwenyewe na kumwonyesha waya, alikuwa na haki ya kudhani nina dharau. Hodi huisikii. Maji ya bomba yakianza kutoka huyasikii, na anayekaa Mwanga anajua kukosa maji yaliyotoka ni nini. Nimehamisha meza ili uso uelekee mlangoni, watoto wanajua kunigusa bega, na siku nikiwa peke yangu na maharage jikoni sizivai kabisa.

Barabarani ndiyo usithubutu. Mteremko wa kutoka Mwanga kwenda mjini una bodaboda, bajaji na malori ya bandarini, na mtembea kwa miguu anaokolewa na masikio yake. Hata ukiwa abiria wa bodaboda, zitie mfukoni.

Kuna na usumbufu wa umbo lenyewe. Waya ukisugua nguo, msuguano unaingia sikioni. Nilipoupitisha nyuma ya sikio na kuubana kwa klipu ukapungua. Ukitembea unasikia hatua zako, ukitafuna unasikia meno. Waya wa kawaida hauna maikrofoni, kwa hiyo mteja akipiga simu unazitoa. Pini ni ya milimita 3.5, kompyuta yangu inaipokea, lakini simu nyingi za sasa hazina tundu hilo na zinahitaji adapta. Kipindi cha joto kabla ya mvua kuanza, tundu la sikio lililofungwa linatoka jasho, na lazima ulipumzishe kila baada ya muda. Mwenye sikio linalotoa maji asizivae mpaka apone.

Usafi unataka nidhamu. Raba naziosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, zinakauka kabisa kabla ya kurudishwa. Ndani kuna filta ndogo inayozuia nta ya sikio isifike kwenye spika. Ikiziba, upande mmoja unapungua sauti. Hapo unabadilisha filta kwa kifaa chake, wala usichokonoe kwa sindano. Shida ni kwamba filta na raba hizi sijazikuta kwenye maduka ya simu hapa mjini. Raba wanazouza ni za eafoni nyingine na hazikai. Naagiza kwa watafiti wanaokuja, na nimejifunza kuagiza nikiwa bado na akiba.

Kwa safari ya treni kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 za mngurumo wa chini usiokoma, nakiri zile zinazofuta kelele kwa umeme ni bora. Haziingii ndani sana, unaweza kulala nazo, na mngurumo ndio zilichotengenezewa. Zangu nazitumia behewani mchana tu, tena nikiwa na mwenzangu anayelinda mizigo.

Wenzangu wakiniuliza, jibu langu halifanani kwa wote. Anayelipwa kwa kusikiliza kila wiki na anayepata ER4XR iliyotumika kwa bei nzuri, anunue bila kusita. Mpya kwa laki nane na kitu, afikirie mara mbili, kwa sababu kinachoziba kelele ni raba, na raba haijui bei ya spika iliyo nyuma yake. Etymotic hiyohiyo ina ER2, iliyotoka mwaka 2019, ambayo ni nafuu zaidi na inavaliwa na kuziba vilevile. Anayeanza kazi hii ningemwelekeza huko. Hata eafoni ya kawaida ya kuingia sikioni ukiipatia raba za sponji zinazokutosha utashangaa utulivu utakaoupata.

Ukinunua zilizotumika kama mimi, muulize muuzaji kama anayo karatasi yenye vipimo vya spika zake. ER4 za toleo hili zilitoka na cheti hicho kiwandani. Tupa raba za zamani, weka mpya. Tikisa waya kwenye maungio sauti ikiwa inacheza, usikie kama inakatika. Mwisho cheza rekodi ya mtu mmoja anayezungumza: ikisikika katikati ya kichwa, pande zote mbili ni nzima. Ikielemea upande mmoja, badilisha filta kwanza. Ikiendelea kuelemea, mrudishie mwenyewe.